Kwa nini naenda Jumba la Wanormani kila mara

Swali ni lile lile kila nikiweka video: "Dada, mbona kila siku uko kwenye jumba la wafalme, kazi hufanyi?" Mwingine kaandika najionyesha. Leo najibu, na msije mkasema nalalamika.

Jumba lenyewe ni Jumba la Wanormani, la wafalme wa zamani wa Sicilia; Wanormani ni watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioteka kisiwa hiki. Kazi nafanya. Namtunza bibi mmoja mzee hapa Palermo, Sicilia, Italia, na mchana napata saa mbili zangu. Kibali changu cha kuishi kimekwisha muda. Stempu ya euro 16 nimebandika, alama za vidole nimetoa, na miezi saba sasa naambiwa rudi wiki ijayo. Mama mdogo kazikwa Kisauni nikiwa huku, maana niliogopa kusafiri bila kadi ya kibali nisije nikafungiwa nje. Hilo bado linaniuma.

Basi nikitoka kwenye foleni ya kibali, naingia pale jumbani. Tiketi si rahisi, na wabunge wa Sicilia wakiwa na vikao humo humo, vyumba vya wafalme hufungwa. Mimi shida yangu ni kanisa la ndani, lililowekwa wakfu mwaka 1140 na mfalme Roger wa Pili. Yeye Mkristo, jumba kalijenga palipokuwa na ngome ya maamiri Waarabu. Kuta zimejaa mozaiki za dhahabu za mafundi wa Kigiriki. Lakini inua macho: dari ni la mbao, limechongwa vijumba vinavyoning'inia kama masega ya nyuki, kazi ya mafundi Waislamu, na maandishi ya Kiarabu yamelizunguka. Mara ya kwanza nilipoyaona nilikaa chini. Nilijihisi niko kwetu Mji wa Kale.

Na kuna hili, ndilo hasa linalonirudisha. Roger alimweka kwake mwanajiografia al-Idrisi, akakusanya habari za dunia miaka mingi, kitabu kikaisha 1154. Ndani yake mna Malindi, mna Mombasa, na kwamba watu wake walichimba chuma wakauza. Habari zetu ziliandikwa hapa Palermo, karibu miaka 350 kabla ya Vasco da Gama kufika kwetu. Halafu mimi dirishani naulizwa natoka wapi, nikisema Mombasa, karani ananiomba niandike herufi moja moja.

Hayo ni yangu. Anayefikiria kuja, makaratasi ya kila mtu yana njia yake, usifuate yangu. Jumatatu nina miadi tena saa mbili asubuhi. Nikitoka, nitapita pale, na safari hii nitawarekodia lile dari polepole.