Kuachia breki ndani ya kona: MX-5, Laguna Seca, iRacing

Karibuni tena. Leo hatukimbizani na mtu. Tunachukua kona moja tu na kuirudia mpaka mguu uizoee: kona ya 11 ya Laguna Seca, njia ya mbio za magari kule California, ndani ya iRacing, mchezo wa kompyuta wa kuiga mbio za magari, tukiwa na gari la Mazda MX-5 Cup. Gari na njia vyote vinakuja na usajili wa kawaida, hununui cha ziada. Tena MX-5 hii haina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, ya kukufichia makosa.

Kwanza kiti. Kama ni cha ofisini chenye magurudumu, ukikanyaga breki sawasawa kitarudi nyuma na wewe. Mimi nilihangaika miezi miwili nikilaumu pedali, kumbe kiti. Nikayatumbukiza magurudumu kwenye raba kuukuu, yakatulia. Pedali nazo zisukume mpaka zigote ukutani.

Haya, ingia mazoezi ya peke yako. Kona ya 11 ni ya kushoto, imebana, ndiyo ya polepole kuliko zote pale. Baada yake unanyoosha kwenda mstari wa kumalizia, kwa hiyo ukitoka vibaya unalia njia nzima.

Gari likiwa bado limenyooka, kanyaga breki kwa nguvu, mara moja, huku ukishusha gia mpaka ya pili. Usiigusegusee. Matairi yakilia kidogo ni sawa. Usukani ukiwa mwepesi ghafla mkononi, ya mbele yamejifunga, legeza kidogo.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Umewahi kusimama ndani ya daladala dereva akafunga breki? Wote mnakwenda mbele. Uzito wa gari nao unahamia mbele: matairi ya mbele yanakandamizwa kwenye lami na kushika zaidi, ya nyuma yanabaki mepesi. Lakini mshiko wa tairi una kikomo. Ukiumaliza wote kwenye breki, wa kukatia kona utautoa wapi?

Kwa hiyo tunagawana. Anza kukata usukani, na hapo hapo anza kuachia breki. Usukani ukiongezeka, breki inapungua, mpaka unapofika ukingo wa ndani wa kona mguu umebaki na uzito wa kidole tu. Washa grafu ya pedali kwenye skrini. Mstari wa breki upande wima, kisha ushuke kama kilima. Ukidondoka wima kama ulivyopanda, umeachia ghafla: pua inanyanyuka, matairi ya mbele yanapoteza uzito, na gari linakwenda moja kwa moja wakati wewe umekunja usukani. Wengi hapo huongeza kukunja. Haisaidii.

Kosa la pili ni kinyume chake, kung'ang'ania breki nyingi huku umekunja. Nyuma ni pepesi, mkia unatoka.

Mafuta yanangoja mpaka uanze kunyoosha usukani. Basi.

Piga mizunguko 10 bila kutazama muda, macho kwenye ule mstari wa breki. Kisha kila mzunguko chelewa kidogo kuimaliza breki, mpaka usikie nyuma inaanza kuzunguka. Ikianza, nyoosha usukani na uendelee kuachia polepole. Mimi mara ya kwanza nilishtuka nikanyanyua mguu wote, nikajikuta natazama nilikotoka.