Kidole Chini ya Neno
(Mhadhara kwa wazazi na walimu wa darasa la kwanza, Tukuyu)

Wazazi wenzangu, walimu, mzee mwenyekiti, salamu leo ni fupi. Mlima Rungwe umeshajifunika, na mvua ya hapa ikishika bati hakuna atakayenisikia.

Nimekuja na jambo moja: kumsikiliza mtoto akisoma nyumbani. Tupige hesabu. Darasa la kwanza lina watoto 80, kipindi ni dakika 30. Mwalimu akisema leo kila mtoto anisomee, asiite hata majina, kila mmoja anapata sekunde 22. Mtoto bado anatafuta ukurasa, zamu imekwisha! Nyumbani, dakika 10 kila usiku, siku tano, ni dakika 50 kwa wiki. Baba pale nyuma anasema mwalimu analipwa kwa kazi hiyo. Nimekusikia, baba. Mshahara analipwa, ila sekunde hakuna wa kumwongezea.

"Lakini sisi wengine hatukusoma." Haya, hapo ndipo nilipotaka mfike. Semina ngapi zimemwita mama asiyejua herufi, akakabidhiwa kitabu, akapigwa picha, watu wakapanda gari? Kitabu kimelala sandukuni kisichafuke. Mama huyo hakuambiwa kazi yake. Kazi yake ni kusikiliza, tena kwa upelelezi.

Anapeleleza nini? Kukariri. Ukurasa wa darasa la kwanza una sentensi tatu nne, na darasa zima limeziimba wiki nzima. Mtoto akifika nyumbani anazitiririsha kama Baba Yetu, mzazi anafurahi, anampa andazi. Na mtoto hajasoma hata neno moja!

Mtazame kidole. Mwambie akiweke chini ya neno, kitembee pamoja na sauti. Kidole kikifika mwisho wa mstari huku mdomo ungali njiani, ameimba. Kisha funika picha kwa kiganja. Kisha mwambie aanze sentensi ya mwisho, apande juu. Anayesoma atakwenda polepole lakini atakwenda; aliyekariri atakodoa macho. Mwisho, mwambie akuonyeshe neno moja lililoandikwa mara mbili, tuseme "ndizi". Hujui herufi, sawa, lakini macho unayo: maneno hayo mawili yanapaswa kufanana kama mapacha. Angalizo: neno likianza sentensi, herufi yake ya kwanza ni kubwa, kwa hiyo pacha mmoja atakuwa amevaa kofia. Usimchape mtoto kwa sababu ya kofia.

Mabibi mliokwenda ngumbaru, tangu ule mwaka 1970 wa Elimu ya Watu Wazima na baada yake, ninyi mnajua kusoma, na ninyi ndio mnaonitia wasiwasi zaidi. Mnamfundisha mjukuu majina ya herufi: "em, a, em, a." Mtoto akiunganisha anapata "emaema". Tangu mtaala wa KKK wa 2015, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, shuleni wanaanza na sauti: mmm, a, ma. Nyumbani jina, shuleni sauti, mtoto anakwama katikati.

Akikwama, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Mara nyingi atarudi mwenyewe. Asiporudi na wewe unajua, mtamkie silabi ya kwanza tu. Kama hujui, weka alama ya mkaa pembeni, kesho amuulize mwalimu. Akisoma "kura" kama "kula", msimkatize kila mstari. Nusu ya waliomo humu tunatamka hivyohivyo. Na mkimaliza, muulizeni hadithi inahusu nini kwa Kinyakyusa. Kuna walimu wanakunja uso nikisema hivyo. Mwalimu, kitabu ni cha Kiswahili, hilo halina ubishi, lakini anayesimulia kwa lugha ya mama yake ameelewa, na kuelewa ndiko tunakokutafuta.

Vizibo sasa, upesi. Kila nyumba ikusanye vizibo 20 vya soda. Bandikeni karatasi ndani kwa gundi ya uji wa unga, kila kizibo herufi moja, mtoto apange maneno. Irabu tano, halafu m, k, t, b, l, kila herufi mara mbili. Hapo mna silabi 25, na mama, baba, kaka, tatu, moto. Chini ya kila herufi chora mstari, kwa sababu kizibo ni duara: u ikipinduka ni n, m ikipinduka inafanana na w, na mtoto atasoma kwa haki kabisa kitu ambacho hukukiandika. Mkifika "mbili", m na b zisogezwe zigusane, zitamkwe kwa pamoja.

Akina baba nilikuwa na dakika kumi zenu, zimeliwa. Sanduku la vitabu la kitongoji tutalizungumza siku nyingine. Leo nasema tu lisikae ofisini, funguo zikisafiri na mtendaji hakuna anayesoma. Na mikutano iwe Jumapili baada ya ibada. Mkiiweka asubuhi ya siku ya kuchuma chai, mtahutubia viti.

Haya, bati limeanza. Nyumbani likilia hivi, mtoto asogee asomee sikioni. Mwenye swali aje hapa mbele.