Mkate wa Kumimina Bila Chembe ya Ngano, na Jinsi ya Kuupiga Picha kwa Simu

Haya jamani, karibuni jikoni. Leo tunapika mkate wa kumimina, ule ambao watu wa Mombasa mnauita mkate wa sinia, na ukishaiva tunaupiga picha kwa simu hii hii ya mfukoni. Mmeniandikia sana mkiuliza, mtu aliyekatazwa ngano ale nini kitamu cha kutuliza roho, kitu laini cha kushushia na chai? Jamani, bibi zetu walishamaliza hiyo kazi zamani. Mchele, nazi, iliki. Kazi yetu sisi ni kutouharibu.

Anayeshika kamera leo ni mtoto wa kaka yangu. Mkiona picha inayumba, mlaumuni yeye.

Mchele vikombe viwili. Huu nimeuosha na kuuloweka tangu jana usiku, sina haja ya kuwaonyesha maji yakiingia kwenye bakuli. Mchele mweupe wowote unafaa, mimi ni mtu wa mchele wa Mbeya. Ule wa njano njano, uliochemshwa kiwandani kabla ya kukobolewa, uacheni kwa pilau, hausagiki ukalainika.

Sasa chuja. Chuja kwelikweli. Uache kwenye chujio, nenda kapige simu, urudi. Maji yakibaki kwenye mchele ni maji yataingia kwenye mkate, na hukuyapima.

Kwenye blenda: mchele, vijiko viwili vya chakula vya wali. Ndiyo, wali, wa jana, uliopoa. Nitawaambia kwa nini. Sukari nusu kikombe, wanaopenda tamu ongezeni robo. Iliki, mimi natwanga mwenyewe, ile ya kopo imeshapoteza harufu dukani. Chumvi kidogo sana. Na tui zito, kikombe kimoja.

Nasema kimoja. Najua mapishi mengi yanasema kimoja na nusu. Hiyo nusu ipo, nimeikamua, lakini iko kule mwisho wa meza, mbali na mkono wangu. Mkate huu ukiharibika, mara nyingi umeharibikia hapa. Mtu anaona blenda inakwama, anamwaga tui lote, blenda inazunguka vizuri, anafurahi. Baadaye anashangaa mkate umelala kama godoro la gesti. Blenda ikikwama, zima, koroga kwa mwiko, washa tena. Ikikataa kabisa, ongeza tui kijiko kimoja kimoja.

Nipe mwiko hapo. Asante... Hee! Simama. Umeniletea mwiko gani huu? Hebu usogeze kamera, waone. Mnaona hapa kwenye ufa, huu weupe? Huu ni mwiko wa maandazi. Umeoshwa, ndiyo, lakini mti una nyufa, na unga wa ngano umejikita humo. Hili silikati, libaki kwenye video, maana ndilo linalotokea majumbani kila siku. Kwa chakula cha aina hii weka mwiko wake, chujio lake na kitambaa chake. Vya chuma na kioo visivyo na matundu havina shida, sabuni na maji vinatosha. Vya mti na vya matundu ndivyo vinavyoficha. Nipe hicho kijiko cha chuma.

Tuendelee. Saga, pumzisha, saga. Usiiache blenda ikinguruma muda mrefu, inapata joto na mchanganyiko unapata joto. Chukua kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukisikia chenga kama mchanga wa ufukweni, bado. Hapa... bado. Saga tena. Hapa sawa.

Wengine mtaniambia, dada, si nipeleke mchele mashineni, nirudi na unga? Mashine ya mtaani inasaga mahindi asubuhi, ngano mchana, mchele wako jioni, kinu ni kile kile. Kwa mtu wa kawaida hakuna neno. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye mwili wake ukikutana na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, unashambulia utumbo mdogo wake wenyewe, hapana. Saga nyumbani.

Hamira kijiko kimoja cha chai, ile kavu ya chembechembe. Soma paketi yake. Na soma zaidi ya bekingi pauda, maana nyingine zinachanganywa na wanga wa ngano, ila leo hatuitumii. Zungusha blenda mara moja tu, hamira ichanganyike, mimina kwenye bakuli.

Angalieni uzito. Sogeza kamera. Shusha, shusha zaidi, wanaona kidevu changu. Haya. Nikiinua kijiko, unashuka kama utepe, unakaa juu kidogo halafu unapotea. Uji mzito wa mtoto, hapo hapo. Ukianguka chwa chwa chwa kama maji, umezidisha tui. Nilisema au sikusema?

Sasa sikilizeni, na hili nitalirudia mpaka mnichoke. Umezidisha tui, mchanganyiko ni mwepesi, wageni wako njiani. Mkono utataka kwenda wapi? Kwenye kopo la ngano. Kijiko kimoja tu cha kushikiza. Wauza vitumbua wengi wanafanya hivyo, nami siwasemi, biashara yao. Lakini usimwambie mtu hakina ngano.

Tufanye hesabu. Kijiko cha chakula cha unga wa ngano ni kama gramu nane. Gluteni humo ni kama miligramu mia sita. Kiwango cha kimataifa cha Codex, kwa chakula kinachoandikwa hakina gluteni, ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Na mkate huu kilo yenyewe unaifikia kwa shida. Kwa hiyo kijiko kimoja kimevuka mara thelathini. Mtu atakula kwa imani, usiku tumbo litamsokota, na atadhani ni nazi.

Dawa yake ni wali. Wanga wa wali umeshaiva, umeshavimba, unashika maji papo hapo. Ndiyo maana niliweka vile vijiko viwili tangu mwanzo. Ukizidisha tui, rudisha mchanganyiko kwenye blenda, ongeza wali kijiko kimoja au viwili, saga. Unga mkavu wa mchele usiuongeze sasa hivi, utakuachia chenga. Wali. Si ngano. Wali.

Funika, uumuke. Kwa joto la Dar hili, dakika arobaini na tano hivi. Kwenye baridi, Arusha au Ulaya huko mliko, hata saa moja na nusu. Msitazame saa, tazameni bakuli.

Wakati tunasubiri niwape kisa ninachokipenda. Daktari mmoja wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa anashuku ngano tangu miaka ya 1930. Ikaja ile njaa ya majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, vita bado, Uholanzi hakuna mkate. Watu wanateseka, lakini watoto wenye siliaki aliokuwa anawatibu wakawa afadhali. Mkate uliporudi, maradhi yakarudi. Tasnifu yake ilitoka 1950. Na kama unajihisi una tatizo hili, nenda ukapimwe kabla hujaacha ngano, maana ukishaacha, vipimo vinaweza kusema huna kitu. Haya, nisije nikaambiwa nimejifanya daktari.

Tumerudi. Mnaona mapovu? Umepanda, juu kuna vipovu vidogo vidogo, na ukinusa ni utamu wenye uchachu kwa mbali. Ukingoja mpaka unukie togwa, umechelewa. Ute wa yai moja, upige kidogo kwa uma, uingize. Koroga taratibu, mara tano sita, basi. Mapovu hayo ndiyo mkate wenyewe, ukiyapiga sana umebaki na uji.

Sufuria yenye kitako kizito, ya upana wa sentimita 22 hivi. Mafuta kidogo, iwe ya moto kabla hujamimina. Mimina. Sikia hiyo, tsssss, hiyo ndiyo tunaitaka. Moto wa wastani, usifunike bado.

"Shangazi, kamera imepata ukungu."

Ni mvuke, futa kwa fulana ya pamba... Si kwa mkono wako wenye mafuta! Haya, mngekuwa mmeona matundu yakifunguka juu, yale kama ya sega la nyuki. Mtaamini neno langu. Yakishatapakaa na ukingo umeshikana, sufuria iende kwenye oveni, nyuzi 180, dakika ishirini hivi. Sina mpini wa plastiki kwenye hii, angalieni yenu.

Asiye na oveni, palia. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Kusema kweli mimi mkate wa kupalia ndio naupenda, juu unapata ile rangi ya kahawia yenye madoa, oveni haiwezi. Leo natumia oveni kwa sababu jirani ameanika nguo.

Chomeka kijiti, kikitoka kikavu, toa. Paka samli juu ukiwa moto. Na usikate! Jamani, usikate. Mkate wa mchele ukiukata wa moto unang'ang'ania kisu, matundu yanazibana, unapata kipande kama ugali. Kwenye picha ndiyo balaa kabisa. Upoe, nusu saa au zaidi, ndipo kisu kipite safi. Nasema tena kwa aliyekuwa anapika chai: usikate.

Twende dirishani. Hapa ndipo napopapenda.

Kwanza zima taa. Taa ya dari ina unjano, dirisha lina ubuluu, mkate mweupe ukipigwa na vyote viwili unakuwa rangi ya mgonjwa. Jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe. Mwanga uje ubavuni au nyuma kidogo ya mkate, usiwe nyuma yako wewe. Kwa nini? Matundu yanaonekana kwa vivuli vyake. Mwanga wa mbele unayafuta. Na matundu ndiyo habari yote hapa, maana watu wanadhani mkate usio na ngano ni tofali. Waonyeshe kipande kilichokatwa.

Upande wa pili weka manila nyeupe, irudishe mwanga kivulini. Futa lenzi. Shusha simu iwe usawa wa kipande. Mkipiga kutoka juu, mkate huu ni duara la kahawia, unaweza kuwa mfuniko. Usisogee karibu mno, kipande kinavimba mbele kama pua. Rudi nyuma, vuta kwa zumu mara mbili. Gusa kwenye matundu, shikilia mpaka simu ifunge fokasi, halafu punguza mwanga kidogo, weupe usiungue.

Ona. Hapana, ona hapo pembeni, mfuko wa rambo umeingia kwenye picha. Toa. Piga tena. Hiyo!

Mkitaka kujifunza kwa macho, mtazameni Aran Goyoaga, mzaliwa wa nchi ya Wabaski, anaishi Seattle. Mapishi yake hayana gluteni na picha anapiga mwenyewe, mwanga wake wa dirisha mpaka unatamani kuhamia humo. Ingieni pia kwenye makundi ya wapiga picha za vyakula, wapo WhatsApp, wapo Instagram. Watakuchambua, "mwanga, dada, mwanga", lakini utakua. Kulikuwa na Foodgawker, tovuti ya picha za vyakula, ukituma picha hafifu wanairudisha na sababu yake. Watu walilia, wakajifunza.

Ila kuna kitu kwenye makundi hayo hayo kinanichekesha. Mtu kapika mkate usio na ngano, kwenye picha kapamba masuke ya ngano! Eti yanapendeza. Mama, alama inayojulikana ya vyakula visivyo na gluteni ni suke lenye mstari uliolikata. Wewe umeweka suke bila mstari. Na wengine wananyunyizia unga wa ngano kwenye ubao upate sura ya kibekari, kisha kipande kinalazwa hapo hapo, picha ikiisha mgonjwa anapewa ale. Pambeni na kifuu cha nazi, iliki, punje za mchele. Ubao uliopigia chapati jana, tandika karatasi ya kuokea.

Na chini ya picha andikeni kilichomo chote, pamoja na vyombo. Ukiwa umesagia blenda ile ile ya unga wa ngano, sema. Aliye na siliaki ataamua mwenyewe, ndiyo haki yake.

Vibao hivi mnavyoviona nyuma navipaka rangi mwenyewe, havimeremeti, havirudishi mwanga, pande mbili rangi mbili. Huu wa kijivu na huu wa rangi ya chai ya maziwa ndio unaokubali mkate wa mchele, mweusi unaupausha. Wanaotaka nitumieni ujumbe, bei nawaambia huko.

Mkate uliobaki, ukiwa upo, ufunikeni vizuri, kesho uchomeni kwa samli kwenye kikaango... wewe, kile kipande cha picha kiko wapi? Nilikuwa sijapiga cha karibu!