Imani Ikiguswa, Mtu Huumia Wapi?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanangu wanafunzi. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na wale ambao salamu yao haimo katika hizo tatu, habari za jioni.

Mmeitikia vizuri, lakini nilikuwa nawasikiliza. Wa "waaleikum salaam" waliitika kwa sauti moja, wa "ameni" wakaitika yao, wa "milele amina" yao. Na kila salamu ilipopita, kuna waliofumba midomo wakasubiri zamu yao. Ukimya ule mfupi ndio ulionileta hapa. Mtu ataomba chumvi kwa jirani, atabishana naye Simba na Yanga mpaka usiku wa manane, watataniana ukoo kwa ukoo mpaka wacheke machozi. Ikifika kwenye dini, sauti inashuka. Kwa nini?

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Wamisionari wa Kianglikana walipofika Magila karne ya 19, walikuta Uislamu umeshapanda kutoka pwani pamoja na biashara. Ndiyo maana koo nyingi za kwetu zimechanganyika: mjomba ni shekhe, baba mdogo ni kasisi. Sisi nyumbani tulikuwa Waanglikana, lakini bibi mzaa mama alikuwa Muislamu, na likizo zangu zote za utotoni zilikuwa kwake.

Bibi alikuwa na msahafu uliofungwa kwa kitambaa cha kijani, unakaa juu ya kabati la vyombo. Juu yake hakiwekwi kitu. Siku moja, niko darasa la nne, nilirudi kuchota maji nikiwa na haraka ya kwenda kucheza, nikatupia madaftari yangu juu ya ule msahafu, na koroboi juu ya madaftari. Koroboi likavuja. Bibi aliporudi hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinawa mikono, akatoa daftari moja moja, akafungua kitambaa. Ndani ya jalada palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kona yake imelowa mafuta ya taa. Akaianika juani kwenye ungo, akakaa pembeni yake mchana kutwa asije upepo ukaichukua. Nikamuuliza imeandikwa nini. Akasema, "Watu wangu. Nikiwasomea hitima nawataja hapa, mmoja mmoja."

Nimefundisha historia zaidi ya miaka thelathini, na nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu dini na hasira. Hakuna lililoniingia kama ungo ule. Mimi niliona kitabu. Bibi aliona mama yake, kaka zake na watoto aliowazika.

Hili ndilo ninalotaka kuwaambia leo. Tunazungumza juu ya imani kana kwamba ni maoni, kama ya mtu anayependa chama fulani, ambayo ukimletea hoja nzuri zaidi atabadili. Kwa watu wengi imani haikuingia kwa mlango wa hoja. Iliingia kwa sauti ya mama akiomba gizani, kwa jina ulilopewa hata hujafungua macho vizuri, kwa namna walivyomlaza baba yako kaburini. Ukiigusa, unawagusa hao.

Nawasikia watu waliosoma wakisema, "Mungu hahitaji kutetewa, sasa unakasirika nini?" Kuhusu Mungu nakubaliana nao. Kuhusu binadamu wamekosea. Mtoto anayeona mama yake anatukanwa sokoni hakasiriki kwa sababu anadhani mama ni dhaifu.

Kisha kuna mwili. Kwetu Mkristo akiozesha, mbuzi anachinjwa na Muislamu, ili sufuria iwe moja na wageni wote wale. Hakuna aliyetunga sheria hiyo, ni ujirani. Lakini angalieni ilipovurugika. Mwaka 2012 na 2013 kule Kanda ya Ziwa, Mwanza na Geita, wakatokea Wakristo waliouliza kwa nini wao wasichinje na kuuza nyama yao wenyewe. Kwa anayelisikia kwa mbali ni swali la leseni ya bucha. Februari 2013, pale Buseresere, likaua mtu, mchungaji. Mkristo aliambiwa, au alisikia ameambiwa, kwamba mkono wake ni najisi. Muislamu alisikia kwamba atalishwa kisichomhalalikia bila kujua. Kauli zote mbili zinamgusa mtu penye mwili wake, na mtu hawezi kuuweka mwili wake pembeni wakati mnajadiliana.

Waingereza waliliona hilo India mwaka 1857. Jeshi la Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala huko, lilileta bunduki mpya za Enfield. Risasi na baruti yake vilifungwa pamoja katika karatasi iliyopakwa mafuta, na askari alifundishwa kuing'ata karatasi kwa meno ndipo ashindilie. Ikavuma kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na nguruwe. Fikirini: ng'ombe kwa Mhindu, nguruwe kwa Muislamu, na vyote kinywani. Maofisa wakaeleza, wakabadilisha, wakasema basi pasueni kwa mikono, pakeni mafuta yenu wenyewe. Maelezo yalikuwa yameshachelewa. Katika mji wa Meerut askari 85 wa kikosi cha farasi walikataa risasi zile. Tarehe 9 Mei wakavuliwa sare na kufungwa minyororo ya miguu mbele ya wenzao wote waliopangwa mistari. Kesho yake, Jumapili, wenzao wakaasi, Meerut ikawaka, na moto ule ukashika India ya kaskazini.

Wanahistoria watawaambia, na ni kweli, kwamba askari wale walikuwa na malalamiko mengine mengi: mishahara, vyeo, ardhi. Lakini nataka mwone jambo moja. Dharau ya miaka walikuwa wameivumilia. Ilipofika mdomoni ndipo uvumilivu ukaisha.

Hapa niseme kidogo juu ya sheria, halafu niendelee. Mwaka 1860 India ilipata Kanuni ya Adhabu, ambayo rasimu yake ilikuwa imeandikwa tangu miaka ya 1830, na ndani yake mlikuwa na kosa la kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu. Kanuni hiyo Waingereza waliitumia Tanganyika, kisha wakatunga ya kwetu mwaka 1930, na kosa hilo limo mpaka leo katika Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, kifungu cha 129. Sikatai kuwa na sheria. Ninachosema ni kwamba polisi hufika wakati karatasi imeshalowa.

Sasa twendeni Mombasa, maana huko kuna kisa ambacho kila nikikifundisha darasa linanyamaza.

Sultani wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, alikosana na Wareno wa Fort Jesus. Mwaka 1614 akakimbilia bara, akauawa huko, na kichwa chake kikapelekwa Goa, makao ya Wareno kule India. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadre wa Kiagostino, akabatizwa Jerónimo. Akakua Mkatoliki, akaoa Kikatoliki. Mwaka 1626 Wareno wakamrudisha Mombasa awe mfalme. Kwa macho yao kazi ilikuwa imekamilika: jina jipya, dini mpya, mfalme wao.

Lakini nahodha wa ngome alimdharau. Mfalme huyu hakuheshimiwa na Wareno kama Mkristo mwenzao, na raia wake Waislamu nao walimwona mgeni. Akaanza kwenda usiku kwenye kaburi la baba yake, na kuomba pale kwa namna ya Kiislamu, kama baba yake angetaka aombewe. Mtu akamwona, habari zikafika kwa nahodha, na ukafanyika mpango wa kumkamata arudishwe Goa akahukumiwe. Agosti 1631 Yusuf akatangulia. Akaingia ngomeni na watu wake, akamchoma nahodha kisu, akalirudia jina lake la Yusuf. Wareno wa mji ule, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliobatizwa, waliuawa kwa wingi. Waliokataa kuacha Ukristo hawakuachwa. Kanisa Katoliki linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa.

Siwasimulii haya ili mmpigie makofi Yusuf. Watoto wale hawakumkata baba yake kichwa. Nawaomba mliangalie lile kaburi. Miaka kumi na saba ya mafunzo, sakramenti na taji, na bado mtu akaenda usiku kumwombea baba yake. Hakwenda kule kwa sababu ameshindwa hoja. Na waliouawa wakaacha wafu wengine, wenye watoto wao na sala zao. Hivyo ndivyo jeraha la dini linavyorithiwa.

Kule Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012, chanzo kilikuwa watoto wawili, mmoja Muislamu, mmoja Mkristo. Walibishana kuhusu kitakachompata mtu akiidhalilisha Kurani, na yule Mkristo akaikojolea ili kuonyesha hakitatokea kitu. Mabishano ya watoto. Makanisa kadhaa yakavamiwa na kuchomwa. Waumini wa makanisa yale hawakuwajua hata watoto wenyewe. Uchungu wa Waislamu wa Mbagala ulikuwa wa kweli, naujua, niliuona kwenye ungo. Lakini bibi yangu alikuwa na uchungu uleule, na mkosaji alikuwa amesimama mbele yake, na alichofanya ni kunawa mikono. Hasira inayomwendea asiyehusika ni dhuluma, na kusema kwamba imechokozwa hakuipunguzii hata chembe.

Basi tusizungumze dini? Hapana, na hapa nitawaomba subira. Wakubwa wenzangu mnakumbuka mihadhara ya viwanjani miaka ya 80 na 90, meza, Biblia na Kurani, vipaza sauti juu ya mti. Nilihudhuria mingi, ya upande huu na ule. Baadhi ya wahubiri walikuwa wasomi kwelikweli, sura na aya vichwani. Jioni moja karibu na soko, mhubiri alikuwa akimchambua Yesu. Hoja alikuwa nazo. Halafu akaongeza mzaha kuhusu kuzaliwa kwake, na uwanja mzima ukacheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi akafunika beseni lake, na wateja bado wamesimama, akaondoka. Nilimfuata, nikamwambia asiyajali. Akanijibu, "Hoja zake mimi siziwezi, mwalimu. Nilikuwa namsikiliza tu. Walipocheka, nikamwona marehemu mama anachekwa."

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Alikuwa tayari kusikia kwamba amekosea. Alisimama pale saa nzima akisikia amekosea. Kicheko ndicho kilichomwondoa.

Bibi alifariki mwaka niliomaliza chuo. Wajomba walipogawana vitu, msahafu ulikwenda kwa binamu yangu, ndiye msomaji. Kabla hajauchukua alinipa kalamu na ile karatasi, ambayo kona yake bado ina doa, akaniambia niandike mimi jina la bibi, maana ndiye mjukuu aliyekaa naye. Nikamwambia sijui herufi za Kiarabu. Akasema andika unavyojua. Nikanawa mikono. Jina lake ndilo la mwisho kwenye orodha ile, kwa herufi za Kirumi, na kila hitima binamu yangu hulisoma.

Mwenyekiti, niishie hapo, tupate nafasi ya maswali.