Friza la pili nyumbani, piga hesabu ya luku kwanza

BENI: Karibuni tena jamani, niko na dada Zai kama kawaida. Leo tunaongelea friza, yaani sio friji, friji unalo tayari, namaanisha lile friza la kulala ambalo watu wananunua wanaweka koridoni au stoo wakisema sasa nitanunua vitu vya jumla, nitaokoa hela. Dada Zai mi nakwambia mapema kabisa, mi nalikubali.

ZAI: Najua unalikubali kaka, na mimi silikatai. Ila nataka mtu apige hesabu kabla hajatoa laki sita yake. Ukienda dukani watu wanauliza bei gani, lita ngapi, warantii miaka mingapi, basi. Hakuna anayejiuliza "hivi kwangu luku niko tarifu gani?", yaani kwenye mita yangu ya umeme wa kulipia kabla niko kundi gani la bei. Na kwa hapa Dar hilo ndo swali la kwanza kabisa.

BENI: Kwani friza na tarifu vinahusiana nini? Si linakula umeme wake tu unalipa.

ZAI: Haya sikiliza. Bara huku majumbani wengi wako kwenye moja kati ya tarifu mbili. Kuna D1, ile watu wanaiita tarifu 4, ya matumizi madogo, uniti 75 za mwezi unanunua kwa shilingi 100 kila moja, ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, wadhibiti wa nishati, asilimia 1 inakuwa 122. Ndo maana unasikia mtu anasema nimeweka 9,150 nimepata uniti 75.

BENI: Enhee, hao wenye bahati zao.

ZAI: Sasa ukivuka hizo 75, kila uniti ya ziada ni 350, na makato yake inafika 427. Halafu ukiendelea kuvuka mwezi baada ya mwezi unahamishiwa T1, ile tarifu ya pili ya matumizi ya kawaida, ambako uniti ni 292, na makato ni kama 356. Ile ya elfu kumi uniti 28.

BENI: Hiyo ya uniti 28 hata mtoto wa darasa la tatu anaijua.

ZAI: Basi chukua familia iko tarifu 4, taa, tivii, feni, kafriji kadogo, wanatumia tuseme uniti 50 kwa mwezi. Wanalipa 6,100. Wananunua friza la kulala la lita mia mbili hivi. Kwa joto letu la Dar, linafunguliwa funguliwa, tuseme linakula uniti 35 kwa mwezi, kuna yanayokula chini ya hapo na kuna yanayokula zaidi. Jumla 85. Mwezi wa kwanza wamelipa kama 13,400, wanaona mbona kawaida tu. Wakishahamishwa T1, zile 85 zote wanazilipia 356, inakuja elfu 30 na mia mbili na kitu.

BENI: Ngoja ngoja. Kutoka elfu sita?

ZAI: Kutoka elfu sita na mia moja! Kwahiyo friza halijawagharimu uniti 35 tu, limewapandishia bei mpaka ya taa na feni walizokuwa nazo siku zote. Kwa hiyo familia friza ni elfu 24 kila mwezi. Jirani yao ambaye alishakuwa T1 siku nyingi, friza lile lile kwake ni 12,500 hivi. Na hizo elfu 24 zinaondoka kwa yule ambaye kipato chake ndo kidogo, ndo maana naumia nikisikia mtu anashauriwa tu "nunua friza mama, utaokoa".

BENI: Sawa hapo nimekuelewa, na kusema kweli sikutegemea iwe tofauti kubwa hivo. Lakini sasa tuje upande wa kuokoa, maana hapo ndo mi nina maneno. Mtu wa Dar akienda soko la samaki la Feri asubuhi, pale mnadani, samaki wanauzwa kwa fungu, kwa ndoo, ukiwa na hela yako na umeamka mapema unaondoka na samaki kwa bei ambayo huku mtaani huipati, maana wa mtaani naye kawafuata hapo hapo kaweka nauli na barafu na faida yake. Unawapa vijana wanakupaa magamba, wanatoa matumbo, unafika nyumbani ni kuosha na kupanga.

ZAI: Kweli, na hapo sikubishii. Ila tuweke namba. Tuseme ukitoa nauli unaokoa 3,000 kwa kilo, kila mtu aweke bei zake za wiki hii. Friza la laki sita ukilitumia miaka kumi ni 5,000 kwa mwezi, ongeza umeme 12,500 wa mtu wa T1, ni 17,500. Kwahiyo lazima ununue na ULE kama kilo sita kwa mwezi ndo urudishe hela ya friza, kuanzia ya saba ndo unaokoa. Yule wa tarifu 4 yeye anahitaji karibu kilo kumi kabla hajaona hata mia.

BENI: Kilo sita kwa nyumba ya watu saba mbona ni wiki mbili tu hizo.

ZAI: Ndio, kwa nyumba ya watu saba wanaokula samaki mara nne kwa wiki friza linalipa, nasema wazi linalipa, tena wasichelewe. Ila nyumba ya watu watatu, baba anakula kazini, mtoto yuko bweni, hizo kilo zinatoka wapi? Halafu kuna kitu nimekisisitiza hapo, nimesema ULE. Samaki wa mafuta kama vibua na jodari ndani ya friza ladha inakaa miezi miwili mitatu hivi, baada ya hapo mafuta yanaharibika, ukikaanga harufu inakuja hata kama hawajaoza. Changu na jamii zake wanavumilia zaidi. Nyama ya kusaga miezi mitatu minne. Unakuta mtu kanunua kilo ishirini kwa bei nzuri, kilo nane anakuja kuzitupa au anampa mbwa, sasa hapo bei nzuri iko wapi?

BENI: Mi nikiongelea faida siongelei samaki tu dada. Chukua maharage. Ukichemsha kila siku mbili unachoma mkaa au gesi saa nzima na zaidi, ukichemsha sufuria kubwa mara moja ukagawa kwenye makopo ya siagi, ukagandisha bila nazi, nazi unaunga siku ya kupasha, umeokoa mkaa mara tatu. Na mama anayetoka kazini anafika saa mbili usiku, foleni ya Mbagala imemchosha, anakuta maharage yako tayari. Hiyo utaiwekea bei gani?

ZAI: Hiyo siiwekei bei, ni faida kubwa na mimi naifurahia kuliko hata ya samaki. Ila makopo manne ya maharage yanaingia kule juu kwenye friji ulilonalo. Ebu nenda kafungue sasa hivi, nusu ni barafu imeganda ukutani, nusu ni mfuko wa kitu ambacho hakuna anayekumbuka kiliwekwa lini. Toa, yeyusha ile barafu, maana ikishakuwa nene ukutani mashine inafanya kazi muda mrefu zaidi na umeme unaliwa bure, kila kopo andika tarehe. Ishi hivo miezi miwili. Pakijaa mpaka huna pa kuweka, tena vinaliwa na kuisha, basi wewe unahitaji friza. Pasipojaa umeokoa laki sita.

BENI: Hapo nakubali. Na umeme ukikatika? Maana hilo ndo linawatisha wengi.

ZAI: Friza likiwa limejaa na hulifungui, kwa makadirio ya kawaida linashika baridi karibu saa 48, likiwa nusu ni kama 24, kwa joto letu hesabu pungufu ya hapo. Kwahiyo pale palipo wazi jaza chupa za maji, acha nafasi shingoni maana maji yakiganda yanatanuka chupa inapasuka. Chupa hizo zikishaganda zinashika baridi umeme ukikata. Na lile la kulala ni zuri zaidi kwa sababu ukifungua mfuniko baridi inabaki chini, la kusimama ukifungua mlango inamwagika yote miguuni.

BENI: Vikiyeyuka?

ZAI: Nyama ikiwa bado ina chengachenga za barafu ndani rudisha igande, ladha itapungua tu. Ikishalainika na ikapata joto zaidi ya saa mbili, usiirudishe. Vibua na jodari ndo usicheze nao kabisa, wakikaa kwenye joto wanatengeneza histamini, ni kama sumu, na hiyo hata uwakaange mpaka wawe wakavu haiondoki. Mtu anavimba uso, anawashwa, kichwa kinagonga, wanasema ana aleji kumbe ni samaki alipata joto.

BENI: Swali la mwisho, tumeulizwa sana, friza za mtumba. Bei nusu, wengine chini ya nusu.

ZAI: Mpira wa mlangoni kwanza. Weka noti ufunge mfuniko, uivute, ikitoka kirahisi ujue baridi inatoka kirahisi hivo hivo. Halafu omba liwashwe saa kadhaa usikilize, mashine inatakiwa ifike mahali izime yenyewe, isiyozima inakula umeme mchana na usiku. Friza la zamani linaweza kula uniti mara mbili ya jipya, ukiwa T1 zile 35 zikiwa 70 unaongeza 12,500 nyingine kila mwezi, kwa mwaka ni laki moja na nusu. Muuzaji akikataa kuliwasha, ondoka.

BENI: Na likifika nyumbani lisikae karibu na jiko wala dirishani penye jua, liache na ukuta kidogo lipumue. Haya wapendwa, tutumieni bei za samaki za huko mliko, Tanga, Mwanza, Kigoma, tuwapigie hesabu kipindi kijacho, na mseme mko tarifu gani.