Bwana Raza Si Mistari Mitatu
(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi, Iringa)

Kamwene! Walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita, asanteni kwa kuja na baridi hii.

Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na nitakisema tena: riwaya haisomwi kwa notisi. Vijitabu vya uchambuzi naviona mikononi mwenu. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka 1999, imekatwakatwa humo: dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika. Bwana Raza kapewa mistari mitatu. Mzee, kaoa binti mdogo, anawakilisha ndoa za kulazimishwa. Basi, mtu kaisha.

Jirani yangu huku Kihesa ana genge. Nilimwazima riwaya hii, akawa anaisoma mchana wateja wakipungua, kaiegemeza kwenye beseni la viazi. Siku moja nimekwenda kununua nyanya, hata salamu hakuitikia. "Mwalimu, huyu Raza kakosa nini? Ana duka, anamtunza mkewe, kahamia naye Mombasa kutafuta maisha. Halafu mtoto anaaga anakwenda kusalimia kwao Unguja, kumbe harudi!" Alikuwa kakasirika kwelikweli. Sikumjibu. Baada ya siku chache nikamkuta ugomvi umehamia kwa Gulam, mjomba aliyemfukuza Yasmin, huyo binti aliyemkimbia Raza. "Mtoto wa dada yako! Kosa lake ni kumkataa mzee?" Nikamuuliza, basi Raza ndiye mkosaji? Akapanga mafungu mawili ya nyanya kabla hajajibu. "Hapana. Wote wawili nawaonea huruma, na hicho ndicho kinachoniudhi."

Miaka yote ya kusahihisha, sijapata jibu linalolifikia hilo. Ule udhia wake ndio utamu wenyewe wa riwaya. Unataka kumchukia mtu, mwandishi hakupi nafasi.

Nasikia mnanong'ona kwamba mwalimu anatetea ndoa za utotoni. Sitetei! Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Anayetaka kujua ubaya wa ndoa hizo asome hukumu, inajitosheleza. Lakini hukumu haitakuonyesha mume anayejitahidi kumfurahisha mke, na mke huyo anaona haya hata kutembea naye njiani, watu wasije wakadhani ni baba yake. Hilo utalipata kwa Adam Shafi.

Wala msiniambie hayo ni mambo ya Unguja, sisi wa nyanda za juu hayatuhusu. Nyumba ngapi za Njombe na Mufindi zimepeleka binti Dar kufanya kazi za ndani? Akirudi kabla ya wakati anaulizwa kakosa nini, hata maji ya kunywa hajapewa. Akina Gulam tunao, na wengine ni sisi wenyewe.

Na mtihani? Aliyeishi na Raza kurasa zote zile atashindwaje kumwandika? Tuendelee.

Naoneshwa saa. Mwajuma nilitaka kumpa nusu saa nzima, maana urafiki wake na Yasmin kule Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, naupenda kuliko mapenzi yote yaliyomo. Anampokea mtu aliyekataliwa na nduguze, wa asili nyingine kabisa, anamwingiza chumbani kwake na katika taarabu yake. Mtazameni vizuri. Denge nampitia tu: anampenda Yasmin, lakini moyo wake umeshachukuliwa na harakati za kumwondoa mkoloni. Kama hilo ni kosa au si kosa, bishaneni mkishasoma.

Mkono kule nyuma? Filamu. Ndiyo, Amil Shivji kaitengeneza, 2021, na ni nzuri. Itazameni baada ya kitabu. Saa moja na nusu haimtoshi Raza.

Nakala za maktaba ziko mezani, ile yenye selotepu mgongoni haijapungua ukurasa. Chukueni kwa zamu, na vijitabu vya uchambuzi viacheni hapahapa.