Farasi Anakula Hata Kesi Ikiwa Mahakamani

SAIDA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko kwa farasi, ila mbio zenyewe hatuzigusi sana. Tunataka bili, mikataba na kesi. Kaka Musa, mada hii umeisukuma wewe, haya anza.

MUSA: Ahsante dada Saida. Naanza na mtu ambaye mashabiki wa mpira hawahitaji kutambulishwa. Sir Alex Ferguson.

SAIDA: Ehe! Umeshawaamsha waliokuwa wanasinzia.

MUSA: Kulikuwa na farasi akiitwa Rock of Gibraltar. Kati ya 2001 na 2002 alishinda mbio saba mfululizo za daraja la juu kabisa, mpanda wake akivaa rangi za Ferguson. Upande wa pili wa umiliki alikuwepo John Magnier, bosi wa Coolmore, shamba kubwa la kuzalisha farasi kule Ireland. Farasi alipostaafu ndipo pesa yenyewe ilipoanza kuingia, kwa sababu dume bingwa anapandishwa, na kila mwenye jike analipa ada. Ferguson akasema nusu ya hiyo ni yangu. Magnier akasema wewe ulikuwa na nusu ya zawadi za mbio, basi, mambo ya uzazi hayakuhusu.

SAIDA: Karatasi zilisemaje?

MUSA: Karatasi ingekuwa wazi, watu wa aina ile wasingefikishana mahakamani Ireland mwishoni mwa 2003. Machi 2004 wakamaliza nje ya mahakama; magazeti yakataja takriban pauni milioni 2.5. Sasa utamu ni kwamba Magnier na mwenzake J.P. McManus ndio walikuwa wanahisa wakubwa wa Manchester United, na Mei 2005 waliuza hisa zao, karibu asilimia 29, kwa Malcolm Glazer.

SAIDA: Kwa hiyo farasi ndiye aliyeiuza Manchester United?

MUSA: Usinilishe maneno, dada. Wale ni wafanyabiashara, bei ilikuwa nzuri. Lakini urafiki ungekuwepo, pengine hadithi ingekuwa nyingine.

SAIDA: Sawa, hao ni wamiliki kwa wamiliki. Mimi nilitaka tufike kwa mkufunzi, yule anayemtunza na kumwandaa farasi kwa mbio. Maana kila ninaposoma habari za farasi, mwenye farasi na mkufunzi ndio wanaoburuzana zaidi.

MUSA: Angalia nafasi ya mkufunzi. Mali yako inalala kwake. Kila mwisho wa mwezi anakudai. Na unapotaka kununua farasi mwingine, unamuuliza yeye huyohuyo akushauri. Mlinzi, mdai na mshauri, mtu mmoja. Hata malaika angeteleza.

SAIDA: Tuanze na bili basi. Nilipata kuona mfano wa bili ya mwezi, nikaona mstari wa kwanza hauna shida: ada ya siku mara siku 30. Unalipa chakula, banda, mazoezi, mishahara ya wachungaji. Mtu anakubali hiyo ada, anadhani kamaliza.

MUSA: Hapo ndipo anaingizwa mjini.

SAIDA: Haswa. Mstari wa pili, fundi wa kwato. Wa tatu, daktari wa mifugo. Usafiri kwenda kwenye mbio. Ada ya kuandikisha. Meno. Halafu chini kabisa pameandikwa "dawa na huduma nyingine", na hapo namba imenenepa kuliko zote za juu. Hakuna maelezo. Mwenye farasi anapiga simu, mkufunzi yuko uwanjani tangu alfajiri, hapokei. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mwezi wa tatu mwenye farasi anakaa kimya, halipi.

MUSA: Na mkufunzi naye usimwone mbaya. Ameshamlipa muuza nyasi, ameshamlipa mchungaji. Farasi hasubiri. Yeye anakuwa amekukopesha bila kupenda. Kukopa harusi, kulipa matanga.

SAIDA: Sasa hajalipwa miezi mitatu. Anaweza kumshikilia farasi?

MUSA: Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Sheria ya Uingereza ina jibu la kushangaza kidogo. Mwaka 1828, kesi ya Bevan dhidi ya Waters, majaji walisema mkufunzi ana haki ya kushikilia farasi hadi alipwe, kwa sababu kazi yake imempandisha thamani. Ni kama fundi saa: ametengeneza saa yako, hatoi mpaka umlipe.

SAIDA: Na yule aliyemfuga tu, akampa malisho?

MUSA: Huyo hana. Kesi ya Jackson dhidi ya Cummins, 1839, ilisema mwenye malisho hajaboresha kitu, amelisha tu. Adai deni lake kama mdai mwingine yeyote, isipokuwa mkataba uwe umempa haki hiyo. Halafu mwaka 1849 ikaja Forth dhidi ya Simpson, ikamvuruga hata mkufunzi. Mahakama iliona kwamba mwenye farasi alikuwa na uhuru wa kumchukua farasi wake akakimbie mbio anazotaka yeye, na kumchagulia mpanda. Kama anaweza kumtoa zizini wakati wowote, basi mkufunzi hakuwa amemshikilia kikamilifu, na haki ya kushikilia ikayeyuka.

SAIDA: Lakini hakuna farasi wa mbio asiyetoka zizini! Kazi yake ndiyo hiyo.

MUSA: Umeiona? Haki ipo, ila mazoea ya kazi yenyewe yanaifuta. Ndiyo maana wakufunzi wenye busara wanaandika kwenye mkataba kwamba farasi akitoka kwenda mbioni bado yuko chini yao. Marekani wameenda njia nyingine: majimbo mengi yametunga sheria inayompa anayemtunza mnyama haki juu yake kwa deni la matunzo. Kentucky wanayo, na wengine wengi. Taratibu zinatofautiana jimbo kwa jimbo, na kuuza farasi wa mtu kwa deni kunahitaji notisi na hatua za kisheria. Ukijiuzia kienyeji, wewe uliyekuwa unadai unageuka mshtakiwa.

SAIDA: Mimi nina pingamizi. Hata ukiwa na hiyo haki, umeshikilia nini? Gari la mtu ukilifungia gereji, linakaa. Farasi unamfungia huku unamlisha! Kila siku deni linapanda, na pesa inayotoka ni yako. Anaumwa, unamwita daktari. Anazeeka. Farasi wa miaka mitatu ana mbio ambazo hawezi tena kuzikimbia akifika minne. Kesi ikichukua miaka miwili, mnagombania kitu ambacho hakipo tena.

MUSA: Ndiyo maana mawakili wa fani hii huwa wanasukuma wateja wapatane mapema. Wakati mwingine mahakama inaamuru farasi auzwe kwanza, fedha ziwekwe pembeni, halafu ndipo watu wagombane kwa nafasi.

SAIDA: Tuje kwa Ahmed Zayat. Huyu alikuwa na farasi American Pharoah, aliyetwaa Taji la Mara Tatu la Marekani 2015, yaani alishinda mbio zao tatu kubwa mwaka mmoja, wa kwanza tangu 1978. Ungedhani shida ya pesa imeisha maishani.

MUSA: Mwaka 2016 alichukua mkopo wa dola milioni 30 kutoka kampuni ya uwekezaji, farasi wakiwa rehani. Januari 2020 kampuni ikamfungulia kesi Kentucky, ikidai ameuza sehemu ya ile rehani bila wao kujua. Mwaka huohuo mahakama ikaamuru zaidi ya dola milioni 24 zilipwe, na Septemba akaomba kutangazwa amefilisika. Sasa mfikirie mkufunzi aliyekuwa na farasi wake. Anaamka asubuhi anakuta mbele yake kuna mkopeshaji mwenye karatasi nzito kuliko zake.

SAIDA: Kwa hiyo mkufunzi naye amchunguze tajiri.

MUSA: Amchunguze sana. Lakini nani ana ujasiri wa kumwambia bilionea alete amana ya mwezi mmoja kabla farasi hajashuka kwenye lori?

SAIDA: Wapo, na ndio wanaolala usingizi. Twende kwenye ununuzi. Kuna kitu kinaitwa "cha juu".

MUSA: Kila dalali anakijua.

SAIDA: Mteja anamwambia mkufunzi wake nitafutie farasi. Mkufunzi anaelewana na muuzaji: bei yako ni laki moja, mimi nitamwambia laki moja na nusu, tofauti tunagawana. Mteja analipa, na juu yake anamlipa mkufunzi kamisheni kwa kumtafutia! Jess Jackson, tajiri wa mvinyo kule California, alifungua kesi 2005 akidai washauri wake wa ununuzi walimfanyia mchezo wa namna hiyo. Kesi ikaishia kwenye maelewano, lakini yeye hakuishia hapo, alishinikiza sheria zibadilishwe.

MUSA: Na Kentucky wakabadilisha 2006. Mauzo ya farasi wa mbio yanatakiwa yawe na hati ya maandishi. Anayewakilisha muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja lazima wote wajue na wakubali. Wakala akipokea zaidi ya dola 500 kutoka upande wa pili kimyakimya, anaweza kudaiwa fidia mara tatu ya hasara.

SAIDA: Mara tatu! Hapo mtu anaanza kuandika risiti.

MUSA: Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walishasema. Ila mimi naona hata sheria hiyo haitibu kitu kimoja: wamiliki wengi wanaona aibu kumuuliza mkufunzi umepata ngapi. Wanaogopa farasi wao atatupwa mwisho wa foleni.

SAIDA: Na ukimya huo ndio unaowagharimu. Haya, dawa. Farasi Medina Spirit.

MUSA: Mei 2021 alifika wa kwanza kwenye Kentucky Derby, mbio maarufu za Marekani, mkufunzi Bob Baffert, mwenye farasi Amr Zedan. Vipimo vikaonyesha betamethasoni, dawa isiyotakiwa kuonekana siku ya mbio. Upande wa Baffert ukasema ilitokana na mafuta ya kutibu ngozi. Februari 2022 farasi akavuliwa ushindi, ukapewa farasi mwingine, Mandaloun, na zawadi ya mshindi, dola milioni 1.86, ikatakiwa irudishwe. Januari 2024 ndipo Zedan alipoacha kufuatilia rufaa.

SAIDA: Na farasi mwenyewe alikuwa ameshakufa Desemba 2021, baada ya mazoezi. Mgogoro ukamzidi umri.

MUSA: Kanuni ya michezo inasema mkufunzi ndiye anayewajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwa farasi. Lakini anayepoteza zawadi ni mwenye farasi, asilimia yake ndiyo kubwa. Marekani mkufunzi kwa desturi anapata asilimia 10 ya zawadi ya ushindi. Wewe umepoteza mlima, yeye kichuguu.

SAIDA: Zedan hakumwacha Baffert lakini.

MUSA: Hakumwacha, ndiyo. Wengine wangemshtaki. Na hapo mkataba ndio unaoamua: je, uliandika kwamba akivunja kanuni za dawa anakulipa hasara? Mikataba mingi ya mbio ni ya kupeana mikono tu, hilo halimo.

SAIDA: Kifo cha farasi nacho. Farasi yuko kwa mkufunzi, saa nane usiku tumbo limemsokota, daktari anasema hana tumaini, ni kumpumzisha, yaani kumuua asiteseke. Mwenye farasi amelala, simu imezimwa. Bima iko kwa jina la nani?

MUSA: Ya mwenye farasi. Na bima nyingi za uhai wa farasi zinataka taarifa mara moja akianza kuumwa, na ridhaa yao kabla hajapumzishwa, labda iwe dharura kubwa. Mkufunzi asiyejua namba ya simu ya bima anaweza kumfanyia mnyama huruma na kumwachia mwenyewe hasara yote. Namba hiyo ikae ukutani pale zizini, siyo kwenye barua pepe ya mtu.

SAIDA: Na kama ameumia kwa uzembe?

MUSA: Kwa sheria zilizotokana na Uingereza, aliyekabidhiwa mali ndiye anayetakiwa kueleza ilivyoumia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Mwenye farasi anathibitisha alimkabidhi mzima. Kwa hiyo picha na ripoti ya daktari siku ya kukabidhi zina thamani kuliko ushahidi wa mashahidi kumi.

SAIDA: Kwa kifupi kuhusu wamiliki wengi, maana siku hizi farasi mmoja ana wenye hisa ishirini.

MUSA: Australia wana kanuni zao tangu Agosti 2017. Mkufunzi anawapa wamiliki mkataba na orodha ya ada, kuna muda wa kupinga, ukikaa kimya unahesabiwa umekubali, na kuna chombo maalumu cha kusikiliza migogoro. Mimi naona ni mfano mzuri. Wengine wanasubiri mpaka jamaa mmoja kati ya ishirini ahamie mji mwingine bila kuaga.

SAIDA: La mwisho, maana limeulizwa sana. Mtu kalipa deni lote, kaleta lori, kamchukua farasi wake. Wiki mbili baadaye bado analia. Kwa nini?

MUSA: Pasipoti.

SAIDA: Pasipoti ya farasi!

MUSA: Uingereza na Ulaya kila farasi anayo, ina vitambulisho vyake na chanjo zake, na sheria inataka isafiri naye. Mkufunzi mwenye hasira anaibakiza kwenye droo, anasema ataitafuta. Kumsafirisha bila hiyo ni kosa, na mbioni hapokelewi. Kabla hujasaini kwamba deni limekwisha, sema uione hiyo karatasi mezani kwanza, ndipo utie kalamu.